Ushauri: Forester SG5 ya tabo, mipira ya vakyumu imekakamaa, nataka kuibadilisha mwenyewe nyumbani

KijanaWaNjiro
Wakuu, habari za jioni. Nina Forester SG5 ya 2003, injini EJ205, tabo moja (ile inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini), niko Arusha. Siku hizi ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, ukikanyaga inachelewa kuvuta, na tabo ikianza kujaza unasikia mluzi mwembamba chini ya intakula (kipozea hewa ya tabo). Taa ya injini imewaka. Tumepima kwa kompyuta ikatoa P0171, yaani hewa imezidi mafuta.

Fundi akataka ninunue sensa ya hewa papo hapo. Nikamwomba tufungue boneti kwanza. Ule mpira mdogo unaoenda kwenye blou-ofu (valvu inayoachia presha ya tabo ukitoa mguu) nilipoukunja kidogo tu ukapasuka, na ncha yake imetanuka mpaka unazunguka kwenye mdomo wake bila kushika. Mingine nayo imekakamaa hivyo hivyo. Naona ni ile ile iliyotoka nayo Japani.

Spana ninazo, koleo ninayo, wikiendi sina kazi. Kuna duka wanauza silikoni ya bluu kwa mita. Je, inafaa sehemu zote? Na niivue yote kwa pamoja au vipi? Gari hii ndiyo inampeleka mama kliniki, sitaki ikae juu ya mawe.

BoksaMilele
Mkuu, hapo kwenye sensa ulisimama vizuri. Injini hiyo inapima hewa pale mwanzoni, karibu na filta. Hewa ikipenya kwenye mpira uliopasuka huko mbele, kompyuta haina habari nayo, kwa hiyo haiongezi mafuta. Ndiyo hiyo P0171. Tabo ikijaza mambo yanageuka: hewa iliyokwisha kupimwa inavujia nje, na mluzi unausikia. Ukifunga sensa mpya juu ya mipira iliyokufa, hela imekwenda na taa itarudi.

Sasa kazi yenyewe. USIIVUE YOTE. Toa mmoja, weka mmoja, ndipo uguse unaofuata. Kabla ya hapo piga picha kila upande, zungushia kila mpira kipande cha gundi ya karatasi uandike namba ncha zote mbili. Angalia na chini ya boneti, magari mengi ya Japani yana stika yenye mchoro wa mipira hiyo.

Injini iwe imepoa kabisa, tabo inakaa na moto muda mrefu. Na usivute mpira kwa koleo kwa nguvu! Midomo ya solenoidi (valvu za umeme) ni plastiki, nayo imezeeka sawa na mipira. Ikikatika, umepata gharama nyingine. Uzungushe kwanza ulegee. Ukigoma, uchane kwa urefu taratibu kwa wembe, bila kukwaruza mdomo wenyewe.

BoksaMilele
Nimerudi, kuna jambo zito sikuliandika. Fuata mpira unaotoka upande wa baridi wa tabo, unagawanyika kwenye T: njia moja kwa aktueta inayofungua wastegeti (mlango wa kupunguza nguvu ya tabo), nyingine kwa solenoidi ya busti (presha ya tabo). Kabla ya hiyo T, ndani ya mpira, kuna kidonge cha chuma chenye tundu dogo. Ubonyeze mpira kwa vidole utakisikia. Kitoe, kisafishe, kiingize kwenye mpira mpya mahali pale pale. Kikitupwa na mpira wa zamani, wastegeti inapata presha nyingi mapema na gari inakuwa nzito. Tundu likiziba, au mpira wa aktueta ukichomoka, ni hatari zaidi: tabo inajaza kupita kiasi. Ukibahatika kompyuta inakata mafuta, gari inashtuka kama imegonga kitu. Usipobahatika unaongelea pistoni.

DadaSpana
Mdogo wangu, hiyo silikoni usiifunge kila mahali. Kwenye vakyumu na busti iko vizuri, inastahimili joto kuliko mpira wa kawaida. Ila petroli na oili haviivi nayo chungu kimoja. Mipira ya kupumulia injini inabeba mvuke wa oili, silikoni hapo inalainika na kutoa jasho. Njia za mvuke wa petroli, ile inayotoka kwenye kopo la mkaa (linalonasa mvuke wa tangi), tafuta mpira wa mafuta. Mpira wa petroli yenyewe, wenye presha ya kwenda kwenye nozeli, usiuguse kabisa kwa silikoni.

Dukani nenda na kipande cha zamani, lakini pima katikati yake, ncha imeshatanuka itakudanganya. Mingi midogo ni milimita 4 kwa ndani au pungufu kidogo. Ubonyeze ule wa dukani: ukilala bapa kirahisi, uache. Mwembamba hivyo ukipata joto unajifinya na vakyumu haipiti. Kuuingiza, chovya ncha kwenye maji ya moto. Usipake grisi, utachomoka siku tabo ikijaza. Ile inayopokea busti ifunge klipu.

Na mpira wa breki, ule mnene unaoenda kwenye busta (inayolainisha pedali), una valvu ya njia moja yenye mshale. Ukiigeuza, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na una mama ndani ya gari. Nunua ule wa gari yenyewe.

WaGrogan
Niko Nairobi, naunga mkono dada hapo juu. Niongeze kuhusu kupima ukishamaliza. Wengine watakuambia upulize spreyi ya kabureta injini ikiwaka uone kama mlio utabadilika. Ukiwa na tabo ya moto hapo chini, mimi siwezi kukushauri hivyo. Ziba bomba la hewa baada ya sensa kwa kizibo chenye mdomo wa tairi, tia upepo kidogo kwa pampu, psi 5 zinatosha, kisha pakaa maji ya sabuni kwa brashi. Povu litakuonyesha penye tatizo. Usikae mbele ya kizibo.

KijanaWaNjiro
Asanteni sana wakuu, dada nakushukuru. Nimebadilisha, kidonge nimekikuta kikiwa kimejaa masizi, nimekisafisha na kukirudisha. Mluzi umekwisha, sailensa imetulia. Maswali mawili. Nimeazima geji ya vakyumu inasoma 15, jamaa yangu wa Dar anasema yake ni 20. Je, bado kuna uvujaji? Pili, ule mpira mdogo wa regaleta ya mafuta (inayodhibiti presha ya petroli) nilipouvua ulinuka petroli ndani.

WaGrogan
Hiyo 15 isikunyime usingizi. Kila ukipanda kama mita 300 geji inapoteza inchi 1 hivi ya zebaki, na Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Huku Nairobi, karibu mita 1,800, tunasoma chini yako. Muhimu mshale usitetemeke.

DadaSpana
La pili ndilo la kushughulikia sasa. Mpira ule unatakiwa kuwa mkavu. Ukinuka petroli, ngozi ya ndani ya regaleta huenda imetoboka, na injini inanyonya mafuta kupitia kwenye vakyumu. Uvue tena injini ikiwa imepoa, washa sekunde chache, uangalie ule mdomo wa regaleta. Likitoka hata tone, zima, nunua regaleta mpya na sio ya kuchomolewa kwenye gari bovu. Pima na oili kwa kijiti. Ikinuka petroli imwage pia. Kliniki mama apelekwe kwa bajaji mpaka hiyo ikamilike.

KijanaWaNjiro
Limetoka tone, dada. Nimezima, nimetoa waya wa hasi wa betri. Kesho asubuhi naifuata spea mjini.