Naomba ushauri: sabuni ya mwani kutoka Wete hadi Mombasa

Assalamu alaykum ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni mama wa Wete, Pemba. Natengeneza sabuni za mwani na mafuta ya nazi. (Karafuu sigusi, ile ina mwenyewe, serikali.) Sasa shemeji yangu wa Mombasa amepata duka linalotaka katoni 20 kila mwezi. Nafikiria kuvuka kwa boti hadi Tanga, halafu gari mpaka Horohoro, mpakani na Kenya.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki upo tangu 2005, na nasikia mzigo usiozidi dola 2,000 hupewa cheti chepesi cha uasilia (cha kuonyesha bidhaa imetengenezwa ndani ya jumuiya) pale pale mpakani. Wangu haufiki hata nusu ya hapo. Kinachonikosesha usingizi ni kostiki, ile kemikali ya kutengenezea sabuni: inatoka nje ya jumuiya, na vifungashio pia. Mwani na nazi ni vya hapa hapa, lakini je, sabuni yenyewe itahesabiwa ni ya kwetu? Au nitatozwa ushuru kama aliyeleta kutoka China?

La pili, alama ya ubora ya Zanzibar inatosha kule Kenya, au nitafute na ya Bara? Mara ya mwisho nilipouliza ofisi moja nilizungushwa dirisha hadi dirisha, nikarudi na kiu tu.

Aliyewahi kuvusha bidhaa pale kwa njia halali aniambie alitakiwa karatasi gani. Ushauri wa kupitisha kwa njia za panya siutaki, tafadhalini.