Tupeane uzoefu: Watazamaji wa sinema unawahesabuje kwa umri?

Uzi ni wa mliowahi kukaa dirisha la tiketi Kisumu, Nakuru au Kakamega, na wa vibanda vya vidio pia. Vijana wanaongezeka, au ni wazee tu wametoweka? Leteni mbinu.

Mkata tiketi, Kisumu: Usitegemee M-Pesa. Mama analipia watu watano, rekodi inabaki na namba moja ya mtu mzima. Hesabu vichwa mlangoni: karatasi ya safu nne, chini ya 16, 16–17, 18–34, 35 na zaidi. Vijiti vinne, cha tano unavikata. Mipaka ya 16 na 18 ifuate madaraja ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Wiki ya filamu ya 18, safu mbili za kwanza zitakuwa tupu kwa sheria, si kwa watoto kuchoka na sinema. Andika daraja juu ya karatasi, la sivyo mwaka ujao utajidanganya.

Mhasibu, Nakuru: Asilimia ndizo huharibu kazi. Tuseme wameingia 100, vijana 40. Mwaka unaofuata 60, vijana 36. Mtu atashangilia kwamba vijana wamepanda kutoka asilimia 40 hadi 60, kumbe wamepungua wanne! Weka idadi kwanza. Uingereza iliuza tiketi zaidi ya bilioni 1.6 mwaka 1946, ikashuka hadi milioni 54 hivi mwaka 1984. Televisheni iliwabakiza wenye familia nyumbani, kisha vidio ikaongezea. Waliobaki ukumbini wengi wakawa vijana, bila ujana wenyewe kupenda sinema zaidi.

Mwenye kibanda, Kondele (Kisumu): Jumamosi saa kumi na moja jioni (saa kumi na mbili, Uingereza wakirudisha saa nyuma) mechi za ligi yao zinaanza, vijana wote wako kwenye mpira. Ukihesabu filamu saa hiyo utaandika kwamba wamehama. Rudia siku ya filamu za DJ Afro, yule anayezisimulia kwa Kiswahili, benchi hazitoshi.

Mhasibu, Nakuru: Na Agosti ilinganishwe na Agosti. Shule zikifunguliwa baada ya likizo ya Agosti, safu ya chini ya 16 huanguka. Kujua kama wa miaka 25 leo ataacha akifika 45, fuata waliozaliwa muongo mmoja, mwaka hadi mwaka. Kulinganisha kijana na mzee wa leo hakukupi jibu hilo.

Mkata tiketi, Kisumu: Ongeza safu ya mvua. Ikinyesha jioni, wa 35 na zaidi ndio wa kwanza kukosekana.