Re: Kifaru cha rimoti au lori la kuunda mwenyewe, nichukue kipi?

Wakuu habari za jioni,

Naomba mawazo kabla sijatoa hela. Nina kijana wangu ana miaka 10, tunakaa flati ghorofa ya tatu na chini yetu kuna watu, kipindi hiki giza linaingia mapema na baridi hatutoki sana. Nataka tuwe na kitu cha kufanya wawili nikitoka kazini, mbali na simu na tableti. Nimebaki na vitu viwili kichwani. Kuna kifaru cha vita cha rimoti cha 1/16, yaani kidogo mara 16 kuliko cha kweli, ambacho kinakuja kimeshaunganishwa, kinatoa moshi na mlio na kinapiga vile vidonge vya plastiki. Halafu kuna lori la 1/14 linakuja vipande vipande kwenye boksi unaliunda mwenyewe kuanzia fremu. Kimoja tu, vyote sitaweza. Na mwakani tunaweza kuhama nchi kwahiyo kiwe kitu cha kubebeka. Mnasemaje?

---

Kaka mimi nasema kifaru. Mtoto wa miaka 10 anataka kitu kitembee leo, akae na rimoti aone kinapanda mito na mablanketi. Hayo ya kuunda mzazi ndo anayapenda, halafu shifti zinabadilika kazini, boksi linaingia kabatini vipande nusu na mtoto anaacha kuuliza. Nimeona kwa jirani zangu hapa. Kifaru ukichoka leo unakizima, kesho unakiwasha, hakikudai kitu.

Mama wa wawili

---

Kaka, na dada hapo juu, mi malori haya nimeunda na vifaru nimefungua na kufunga, kwahiyo nitaandika kirefu, mwenye haraka ashuke chini.

Dada kasema kweli kwenye hilo la shifti na nitalirudia. Ila kwanza tuelewane kwamba hivi vitu vinauzwa rafu moja lakini kazi zake ni mbili tofauti. Kifaru kilichokamilika raha yake iko kwenye kuendesha. Unachaji betri, unachomeka, kinanguruma, basi. Lori la seti raha yake kubwa iko mezani, manake likifika ni reli mbili za fremu, mifuko ya skrubu imeandikwa herufi, matawi ya plastiki yenye vipande na kitabu cha michoro, na jioni ya kwanza hamtaona hata tairi likizunguka. Wewe umesema unataka kitu cha kufanya wawili. Sasa kifaru kina rimoti moja. Mmoja anaendesha mwingine anaangalia, labda muwe na vifaru viwili vyenye infraredi, yaani vinapigana kwa mwanga usioonekana badala ya vidonge, kimoja kikipigwa kinahesabu pigo na kikizidiwa kinazima, hapo ni mchezo mzuri sana, lakini ni vifaru viwili.

Kwenye lori mikono minne yote ina kazi. Mmoja anasoma mchoro na kutafuta kipande, mwingine anafunga, mnabadilishana. Na kile anachofunga mtoto ni kitu cha kweli, hapa ndo napenda haya malori ya 1/14 kuliko kitu kingine chochote cha rimoti. Yale ya Tamiya, kampuni ya Kijapani, kwa mfano yana giaboksi ya gia tatu, sevo, kimota kidogo kinachotii rimoti, inasukuma uma ndani na gia inaingia kabisa, ukiwa gia ya kwanza lori linatambaa na kuvuta mzigo, ukiwa ya tatu linakimbia. Lina propela shafti, lina difu, ile inayogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia, lina springi za mabapa kama za lori lenyewe. Mpe kijana difu mkononi kabla hamjaifunga, shika upande mmoja usizunguke, mwambie azungushe, ataona upande wa pili unaenda haraka zaidi, halafu muulize lori likikata kona tairi la nje na la ndani lipi linatembea njia ndefu. Atalijibu mwenyewe. Darasani hilo lingechukua kipindi kizima na ubao, hapa anaishika.

Kifaru nacho kina somo lake, nisikinyime haki. Ndani kuna mota mbili, kila mota na mnyororo wake, ndo maana kinaweza kugeuka palepale kiliposimama, mnyororo mmoja mbele mwingine nyuma. Na kuna kitu watu wengi hawajui, ile skeli ya 1/35 ya modeli za kijeshi ilitokana na kifaru cha Panther cha Tamiya mwanzoni mwa miaka ya 1960, walikipima kiwe na nafasi ya betri na mota ndani, hesabu ikaangukia hapo, halafu makampuni mengine yakafuata. Yaani betri ndo iliamua.

Sasa mambo ya kifaru kwenye flati. Kile cha minyororo na gia za plastiki ni kimya kiasi na chepesi, ila kwenye zulia la manyoya mnyororo unachomoka ukikata kona kwa nguvu, na nywele na nyuzi zinajisokota kwenye ekseli za magurudumu, usipozitoa mota inahangaika mpaka inapata moto. Kile cha minyororo ya chuma na giaboksi za chuma kinadumu na kinapendeza macho, lakini kwenye sakafu ya mbao jirani wa chini atakusikia kila kona, na sakafu yenyewe itachubuka, kama umepanga nyumba na kuna dhamana hilo ulifikirie kabisa. Moshi ni mafuta yanayopashwa moto, harufu inabaki chumbani na kifaa cha kuhisi moto kinaweza kulia, kwahiyo ndani ya flati zima hiyo swichi. Na vidonge vya plastiki vya milimita 6, hapana, sivishauri chumbani. Jicho ni jicho. Chagua toleo la infraredi bila vidonge, kwanza linakupunguzia maswali mpakani, manake kitu kinachorusha risasi za plastiki kuna nchi kinaangaliwa kwa sheria za silaha za kuigiza, na wewe unasema mtahama.

Lori kwenye flati halisumbui sana, matairi ya mpira, likiwa gia ya kwanza unasikia mlio wa gia tu. Shida yake ni nafasi. Kichwa chenyewe ni karibu nusu mita, mnakizungusha sebuleni bila tabu. Trela ndo mtihani. Kontena la futi 40 ni mita 12.2, gawa kwa 14, ni sentimita 87, weka na kichwa unapita mita moja, hapo kurudi nyuma na kona sebule ndogo haitoshi. Kifaru, chukua Tiger I, urefu pamoja na mzinga ni mita 8.45, gawa kwa 16 unapata kama sentimita 53, kinaingia sanduku la safari ukikifunga na nguo na kuulinda mzinga.

Halafu hela. Hapa ndo nataka usome polepole manake watu wanaumia. Boksi la kifaru lina kila kitu, rimoti, betri, chaja. Boksi la lori kwa kawaida lina mota lakini halina vifaa vya umeme. Utahitaji rimoti ya chaneli 4 na risiva yake, kipokezi kinachokaa ndani ya lori, sevo mbili, moja ya usukani moja ya gia, kidhibiti mwendo cha mota, betri, chaja na rangi. Ukitaka taa, indiketa na mlio wa injini kuna kifaa cha Tamiya kinaitwa MFC, na hicho kina kidhibiti mwendo humohumo ndani, kwahiyo kama una mpango nacho baadae usinunue kidhibiti peke yake sasa, utakuwa umelipia kitu mara mbili. Kwahiyo ukilinganisha bei ya boksi kwa boksi unajidanganya, jumlisha kwanza vyote kwenye karatasi ndo uamue. Rimoti chukua ya gigahezi 2.4, inakubalika karibu kila nchi. Zile za zamani za megahezi 27 na 40 masafa yake yanatofautiana nchi na nchi, mkihama inaweza kuwa hairuhusiwi mnakoenda.

Zana hazihitaji mambo mengi ila bisibisi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Skrubu za seti za Kijapani ni za kiwango cha JIS, msalaba wake unafanana na wa kawaida kwa macho lakini bisibisi ya kawaida haikai mpaka chini, inateleza na kula kichwa cha skrubu, na mtoto atakata tamaa akidhani yeye ndo hawezi. Nunua bisibisi ya JIS, moja tu nzuri. Gundi ya kuzuia skrubu isilegee weka chuma kwa chuma tu, kwenye plastiki inaipasua. Grisi kwenye gia usisahau, ila kidogokidogo.

Betri: kwa mtoto anza na NiMH, betri ya nikeli, ya volti 7.2, inavumilia. Lipo, betri ya lithiamu, ya volti 7.4 ni nyepesi na ina nguvu lakini inataka nidhamu, seli haipiti volti 4.2 ikijaa, isishuke chini ya 3 ikiisha, na ukiiweka muda mrefu iache kwenye 3.8 hivi. Kuchaji uwe macho na upo chumbani, usilale ukiiacha.

Sasa lile la dada la shifti. Ni kweli seti nyingi zinakufa kabatini, na sababu mara nyingi ni kwamba watu wanafanya Jumamosi moja nzima wanachoka halafu wanaacha. Lori limegawanyika kwa hatua, kila mfuko una hatua zake. Pangeni mfuko kwa mfuko, jioni moja ekseli ya nyuma, jioni nyingine giaboksi, kitu kikiisha kinawekwa mezani kinazunguka kwa mkono. Mtoto anapata kitu kilichokamilika kila jioni, hata kama lori bado. Trei yenye vyumba vya skrubu na kifuniko, mnafunga kila kitu humo, kesho mnaendelea hata kama kesho ni wiki ijayo.

Mimi kwa ulivyoeleza, wawili, jioni, ghorofani, nachukua lori, kichwa peke yake bila trela. Kama kijana mwenyewe ukimuuliza anasema anataka vita na mizinga na haangalii vitu kwa ndani, chukua kifaru cha infraredi cha minyororo ya plastiki na usijisikie vibaya hata kidogo. Muulize yeye kwanza. Usimfanyie sapraizi kwenye hili.

---

Aisee asante sana mzee, na dada pia. Nimemuuliza. Alitazama video za vyote viwili kimya, mwisho akauliza kwenye lori kama hiyo gia anaibadilisha yeye kwa kidole au inajibadilisha. Nikamwambia kwa kidole. Kasema lori. Maswali mawili ya mwisho: rangi tunapuliza wapi kama hatuna uwanja, na tukihama betri na hivi vitu vinapandaje ndege?

---

Hahaa huyo kashaamua, nunua.

Rangi: bodi ya kichwa ni plastiki ngumu, kwahiyo rangi ya kupuliza ni ile ya plastiki ngumu, kwa Tamiya ni makopo ya TS. Yale ya PS ni ya bodi laini za kuona ndani za magari ya mbio, usichanganye, rangi haitashika vizuri. Kupuliza ndani ya flati usifanye, mvuke wake ni mbaya na unawaka. Subirini siku kavu isiyo na baridi kali, nendeni nje na boksi kubwa la karatasi lililokatwa upande, pulizeni humo tabaka jembamba, ngojeni, jembamba tena. Osha bodi kwanza kwa maji na sabuni ili mafuta ya kiwandani yatoke. Mkikosa siku hiyo endeleeni na fremu, bodi inakuja mwishoni, hamjachelewa. Na mimi ningemwachia yeye achague rangi, hata kama ni zambarau.

Ndege: makopo ya rangi ya kupuliza hayapandi, si mkononi si kwenye sanduku, yamalizeni au mpe mtu. Betri za lithiamu za akiba zinaenda kwenye begi la mkononi tu, kamwe kwenye sanduku la chini, kila moja imefunikwa ncha zake au kwenye mfuko wake. Kipimo ni wati saa, zidisha volti kwa ampea saa. Betri ya 7.4 yenye miliampea saa 5000 ni 7.4 mara 5, ni 37, na mpaka 100 kwa kawaida huhitaji kibali cha ndege, kati ya 100 na 160 unaomba shirika lako. Andika hiyo hesabu kwenye kikaratasi ubandike kwenye betri, mkaguzi akiuliza unamwonyesha. NiMH haina masharti mazito hivyo ila nayo funika ncha. Chaja angalia nyuma kama imeandikwa 100 mpaka 240, ikiwa hivyo unabadilisha plagi tu.

Lori lenyewe toa bodi kwenye fremu, vioo vya pembeni vichomoe viweke kwenye mfuko manake ndo vinavyovunjika kwanza, fremu ifunge na nguo nene iweke katikati ya sanduku.

Na kabla hujabonyeza kununua soma ukurasa wa hiyo seti yenyewe uone kama mota na matairi vimo, na lori lina ekseli ngapi, la ekseli 3 ni zuri zaidi ila ni refu, pima kwanza hiyo meza yenu.