Ushauri wakuu: natafsiri ripoti ya mazingira kutoka Kilatvia, neno "purvs" linanitoa jasho

Mzaramo_Riga:
Habarini wakuu. Niko Riga, Latvia, mwaka wa saba sasa, nilikuja kusoma nikaoa hukuhuku. Kilatvia nakimudu, kwa hiyo huwa napata vibarua vya kutafsiri kwenda Kiingereza: mikataba ya kupanga nyumba, vyeti, vitu vyepesi. Juzi nikapewa ripoti ya kurasa 22 kuhusu kurudisha maji kwenye ardhi ya kūdra, ule udongo mweusi wa mimea iliyooza nusunusu. Nikajisemea, mazingira si miti na maji tu? Nikachukua.

Imerudi nyekundu tupu. Aibu iko ukurasa wa 3, penye "zāļu purvs". Purvs nalijua, kinamasi. Zāles nalisoma kila siku duka la dawa. Nikaandika "medicinal swamp". Mhariri kaweka alama tatu za kuuliza.

"Augstais purvs" nimeita "high swamp". "Dabas liegums" na "dabas rezervāts" zote nimeziita "nature reserve". Mke wangu naye hajui, na mama mkwe anasema purvs ni purvs, tofauti ni urefu wa buti. Mwisho Jumatatu. Nianzie wapi?

Binti_Pangani:
Kinamasi cha dawa! Samahani kaka, nimecheka mpaka mtoto kaamka. Wenye kujua wanakuja.

KalamuNyekundu:
Pole mkuu, hilo shimo wengi tumetumbukia. Zāle ni nyasi, zāles ni dawa, na zikifika kwenye "zāļu" zote zinafanana. Hapo ni nyasi.

Sasa acha kutafuta neno, tafuta maji yanatoka wapi. Augstais purvs hunywa mvua tu. Mimea inarundikana karne kwa karne mpaka katikati panavimba kama mgongo wa kobe, ndiyo maana ya huo "ujuu". Kiingereza chake ni "raised bog". Zāļu purvs hulishwa na maji ya chini ya ardhi, una madini zaidi, nyasi zinastawi: "fen". Pārejas purvs uko katikati ya hiyo miwili: "transition mire". "Swamp" ifute yote, hiyo ni ya miti iliyosimama majini.

Na angalia kama ripoti ina namba za tarakimu nne. Agizo la Ulaya la 1992 la kulinda makazi asilia limeipa kila aina namba yake. 7110 ni augstie purvi vilivyo hai, 7140 ni pārejas purvi pamoja na slīkšņas, 7230 ni zāļu purvi vyenye chokaa. Fungua EUR-Lex, tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya, weka Kilatvia na Kiingereza ubavu kwa ubavu, fuata namba. Namba haina dawa wala nyasi.

Mkata_Mitaa:
Si uitie tu kwenye programu ya tafsiri ulale?

KalamuNyekundu:
Ukurasa wa 3 itakupa "bog", wa 9 "marsh", wa 15 "swamp", na vyote ni purvs uleule. Mteja atadhani ni maeneo matatu.

Nilisahau hifadhi. Rezervāts ndiyo kali kuliko zote, ziko 4 tu nchi nzima: Moricsala, ambayo inalindwa tangu 1912, Grīņi, Krustkalni na Teiči. Andika "strict nature reserve". Liegums ziko nyingi na masharti yake yamelegea kidogo, hiyo ndiyo "nature reserve". Ukibabaika, ingia IATE, hazina ya istilahi ya Umoja wa Ulaya, au termini.gov.lv, ya Latvia yenyewe. Ila ukikuta nishati jadidifu imeitwa "atjaunojamie" hapa na "atjaunīgie" pale, usishtuke. Chagua moja ukae nayo.

Fundi_wa_Maneno:
Mimi natafsiri Kiingereza na Kiswahili, Kilatvia sijui hata salamu. Hivi kaboni wanaitaje?

Mzaramo_Riga:
Ogleklis. Limetoka kwenye ogle, makaa.

Fundi_wa_Maneno:
Eeh! Na sisi ukaa, kutoka makaa. Basi hao ni ndugu zetu.

Mzaramo_Riga:
Na "endelevu" kwao ni ilgtspējīgs, uwezo wa kudumu muda mrefu. Hayo hayanisumbui, yanajieleza yenyewe.

KalamuNyekundu, Mungu akubariki. Namba zipo, ziko kwenye jedwali la ukurasa wa 20 ambalo nililiruka nikidhani ni la wataalamu. Nimemsomea mama mkwe habari ya mvua na maji ya chini. Akasema, "Si ungeuliza wapi nachuma dzērvenes?" Hizo ni beri nyekundu chachu, yeye huzifuata kwenye augstais kila vuli, na kwenye zāļu hapotezi muda. Kumbe alijua siku zote.

Limebaki moja: slīkšņa. Anasema ni pale ukikanyaga, na mti wa mbali unatikisika.

KalamuNyekundu:
"Quaking bog". Mwambie mama anastahili nusu ya malipo.