Kupiga kambi katika Shamba la Miti Sao Hill: utaratibu ni upi?

Msafiri wa Dodoma

Habari za leo, ndugu zangu. Mwezi Julai tunatarajia kusafiri watu wanane, watatu kati yetu wakiwa watoto, kutoka Dodoma hadi Mufindi, na tungependa kulala usiku mbili kwenye mahema ndani ya Shamba la Miti Sao Hill. Nilipopita barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya niliona katikati ya misindano njia pana zilizofyekwa vizuri, nikadhani pangefaa kwa kambi. Je, kibali ni lazima, na kuwasha moto wa kuni kunaruhusiwa?

Mvunaji Mstaafu

Kamwene, ndugu, na karibu Mufindi. Kibali ni lazima, kwa kuwa shamba liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mwandikieni barua Mhifadhi Mkuu wa shamba, mkitaja tarehe, idadi yenu na namba za magari. Mkipewa namba ya malipo, lipeni kwa namba hiyo tu na mtunze stakabadhi.

Njia ulizoziona ni za kuzuia moto. Moto ukizuka, hapo ndipo gari la maji na vijana wenye mabeleshi wanapopita, pengine usiku wa manane, na hema lenu litakuwa limewazibia. Ulizeni pia ni vitalu vipi vinavyovunwa wiki hiyo, kwa sababu lori lililosheheni magogo halisimami ghafla kwenye mteremko wa vumbi, na rundo la magogo ambalo watoto huliona kama ngazi linaweza kuporomoka kwa kukanyagwa gogo moja. Mkikuta vyombo vimefungwa kwenye mashina, hiyo ni kazi ya wagema utomvu, msiviguse.

Bibi Nyuki

Mzee amejibu vyema, ila suala la moto hakuligusa. Kwa maoni yangu, hata mkiruhusiwa kuwasha kuni, msiwashe. Julai nyasi zimekauka, msindano una utomvu, na lile zulia la majani makavu chini ya miti huweza kufukuta kimyakimya, mkaondoka mkiamini mmezima, kisha moto ukaibuka baada ya siku kadhaa. (Na ukiibuka, sisi wafugaji nyuki ndio wa kwanza kushukiwa.) Bebeni jiko dogo la gesi, pamoja na mablanketi mazito, kwani baridi ya Mufindi mwezi huo si ya mchezo.

Choo kichimbwe mbali na vijito na kifukiwe, na taka zote mrudi nazo. Vijito vingi vya huku huingia Ruaha Mdogo, ambao hupeleka maji yake Ruaha Mkuu hadi bwawa la Mtera, mtakalolipita mkirudi Dodoma.

Msafiri wa Dodoma

Nawashukuru sana. Jiko la gesi tutabeba, na barua nitaituma Jumatatu. Mzee wangu, tukikataliwa kulala ndani, tufanyeje?

Mvunaji Mstaafu

Laleni Mafinga mjini, kisha ombeni kuingia mchana mkiwa na mhifadhi wa kuwaongoza. Wakati wa kiangazi kikali, mimi mwenyewe ningechagua hivyo.