Laptopu inaganda nikiinyanyua kona ya kushoto, naomba ushauri kabla sijaipeleka kuchomwa

Mwana_Ngongona: Mbukwenyi wakuu. Nina laptopu ya mtumba ya zamani, ina Windows 7, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) vipande viwili vya GB 2 kila kimoja, aina ya DDR3. Wiki ya tatu sasa inaganda ghafla au inaleta skrini ya bluu, mwanzoni nikajua ni joto maana vumbi la huku kipindi cha upepo mnalijua, nikafungua nikapuliza feni na pampu ya baiskeli, likatoka vumbi kama unga wa uwele ila haikusaidia kitu. Juzi ndo nikagundua nikiinyanyua kona ya kushoto inaganda palepale, nikiiacha mezani nikabonyeza pale chini kwa kidole inakaa hata lisaa. Fundi mmoja mjini kasema chipu imeachia risasi (ile lehemu inayoishika kwenye bodi), anataka aichome na hita kwa elfu arobaini. Hela hiyo sina na ripoti ya utafiti nakabidhi mwezi ujao. Nifanyeje?

dada_wa_Kisasa: Pole mdogo wangu. Hamisha ripoti kwenye flashi na ujitumie kwa imeli leo hii, kabla hujashika bisibisi.

Fundi_Majengo: Usikubali ichomwe bado. Chipu ikichomwa inaweza kufufuka ikafa tena baada ya muda mfupi, na pale unapobonyeza angalia kwanza kama ndo penye mfuniko wa RAM, nyingi ziko hapo. Chomoa chaja, toa betri, bonyeza swichi kama sekunde 15 umeme uliobaki uishe, halafu gusa chuma ndo ushike RAM, hali ya hewa ya Dodoma ni kavu na ule umeme wa nguo unaua vifaa. Yale meno ya dhahabu yasugue taratibu na raba ya penseli, pangusa na spiriti, iache ikauke. Washa na kipande kimoja kimoja, kila tundu. Kipande kizima kikileta shida tundu moja tu, jua tundu ndo bovu. Na siku nyingine ukipuliza feni ishikilie isizunguke.

Kaka_Chamwino: Yangu nilikandamiza RAM kwa sponji, ikakaa.

Fundi_Majengo: Sponji inafunika joto mkuu. Bora kipande cha boksi la viatu, kidogo, kikae juu ya RAM mfuniko ukifungwa ukibane kidogo tu, ukikaza sana mothabodi (bodi kuu ya ndani) inapinda. Karatasi ya bati inayong'aa usiweke kabisa, itapiga shoti.

Mwana_Ngongona: Nimerudi wakuu. Ripoti ipo kwenye flashi na imeli, asante dada. RAM zote mbili nzima, tundu la pili ndo bovu. Nilivyosugua ikapungua ila haikuisha, nikaweka boksi limekunjwa mara mbili, nikaiachia Memtest86+ (programu ya kupima RAM) usiku kucha, mizunguko minne bila kosa hata moja. Nimeinyanyua kona zote, haigandi. Je niiache hivyo au nitoe hiyo ya tundu bovu nibaki na GB 2?

Fundi_Majengo: Mpaka ukabidhi ripoti baki na GB 2 tundu zima. Itakuwa nzito, usifungue vitu vingi, ila boksi likilegea ukiwa katikati ya kuhifadhi, faili lenyewe linaweza kuharibika. Ukishakabidhi ndo urudishe boksi.

Mwana_Ngongona: Nimeshaitoa. Narudi sura ya nne.