MREJESHO: Kuandika shukrani kila usiku

Wakuu, habari zenu. Ni yule niliyeuliza namna ya kujenga mazoea ya kushukuru kila siku, maana nilikuwa nalala nikihesabu madeni na kuamka nimechoka. Ahsanteni sana kwa ushauri.

Nilifuata ule wa mambo matatu: kila usiku unaandika matatu yaliyokwenda vizuri, na kila moja sababu yake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Martin Seligman, na wenzake walilipima zoezi hili na kutoa matokeo mwaka 2005. Waliolifanya kwa wiki moja walionekana kuwa na furaha zaidi na dalili chache za sonona hata miezi sita baadaye. Kwangu, sababu ndiyo yenye nguvu. "Nashukuru kwa uzima" kila siku ilinichosha haraka. Lakini nikiandika "mama wa uji alinikopesha bila kununa kwa sababu ananiamini", namfikiria yule mama, na asubuhi namsalimia kwa moyo mwingine kabisa.

Aliyesema nilifunge zoezi kwenye jambo ninalolifanya tayari, ubarikiwe. Nikishashusha chandarua tu, naandika.

Madeni yapo palepale, siwadanganyi. Na mwenye sonona amwone mtaalamu, daftari si dawa yake. Ila usingizi unakuja mapema, na mke wangu anasema sigombi na watoto kama zamani. Yeye hapendi kuandika; ya kwake anayataja wakati wa chakula cha usiku, na watoto wameshaanza kugombania zamu.